Ukurasa wa Upande wa Pili wa Meza

Mwalimu Zebedayo aliondoka Makorora Ijumaa jua likielekea kuzama, gitaa mgongoni, kwenda Nguvumali kuazima kitabu kwa mama wa marehemu. Alikuwa na uso mkavu, yule bwana. Marehemu mwenyewe, Imakulata, alikuwa na siku arobaini na tatu tu kaburini, na aliyempeleka huko ni huyu huyu Zebedayo. Jambo hilo alilijua yeye na mganga mmoja wa Mkwaja, basi.

Chanzo ni wivu. Imakulata aliimba katika kwaya ya Zebedayo, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba yeye ndiye angefaa kuwa mwalimu. Hawakukosea. Kwao Imakulata kulikuwa na kitabu cha nyimbo cha Waingereza, kilichochapwa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, ambacho babu yake, mpishi kwenye shamba la mkonge, aliachiwa na bibi mmoja wa kizungu aliyerudi kwao. Zilikuwa nyimbo za kuimba na ala ya nyuzi, peke yako au na mwenzako. Imakulata alikaa nacho miaka miwili. Akagundua kwamba zile herufi zilizopangwa chini ya maneno zinaonyesha pa kuweka vidole, na kwamba ukilegeza uzi wa tatu wa gitaa kwa nusu sauti, mambo yanakubali. Akautilia maneno ya Kiswahili wimbo mmoja wa toba. Padri Laurenti, paroko, alipousikia akasema huo ndio utakaoimbwa baada ya komunyo siku Askofu atakapokuja.

Zebedayo alimpongeza mbele za watu. Jioni hiyo hiyo akaiba kikombe ambacho Imakulata alinywea chai ya tangawizi, akapanda basi hadi Mkwaja, akataka sauti ifungwe. Mganga akatia kufuli kwenye mkono wa kikombe, akaifunga. Sauti ya binti ikakauka, kisha koo likakataa uji, mwishowe likakataa hata maji... Hospitali hawakuona kitu.

Sasa Askofu anakuja Jumapili, na Padri ameagiza wimbo ule ule uimbwe na mwalimu, kwa kumkumbuka marehemu. Asipokipata kitabu, ataumbuka mbele ya parokia nzima.

"Tumsifu Yesu Kristo," alibisha hodi alipofika Nguvumali.

"Milele amina. Pita, Mwalimu."

"Shikamoo, mama."

Mama Ritha, mama wa marehemu, hakuitikia shikamoo ile. Alimwonyesha meza. Kitabu kilikuwa kimelazwa katikati, kipana, na viti viwili vinatazamana.

"Hakitoki humu mpaka kiimbwe," alisema. "Mwanangu aliagiza hivyo. Aliandika kwa penseli, sauti ilikuwa imeshakwisha."

"Aliandika nini tena?"

"Kwamba utakuja."

Zebedayo akacheka kidogo, kicheko cha kujikaza. Akaketi, akafungua. Ukurasa wa kushoto ulikuwa sawa. Ule wa kulia ulikuwa umechapwa kichwa chini, miguu juu.

"Wachapaji wa zamani nao... Huu wameukosea."

"Hawakuukosea. Huo si wako. Ni wa anayekaa mbele yako. Kitabu kimoja, watu wawili, kila mtu na upande wake." Mama Ritha akarudi nyuma, akasimama mlangoni.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Ukweli ambao Zebedayo aliuficha miaka yote ni kwamba hizi nota za mistari hazijui. Alilelewa na solfa, ile ya do-re-mi, kama walimu wengi wa kwaya, na kilichokuwa kinamtia jasho tangu Makorora ni hicho. Lakini juu ya mistari Imakulata alikuwa ameandika solfa yote kwa penseli, na maneno ya Kiswahili chini yake. Afueni iliyoje. Akalegeza uzi wa tatu, akaanza kufuata penseli, macho kwenye solfa na mdomo ukibeba maneno yanavyokuja.

*Nakupa koo langu, ukae humo. Nakupa ulimi wangu, useme...*

Hayakuwa maneno ya mazoezini. Imakulata alikuwa ameyafuta na kuandika mengine. Zebedayo aliliona hilo, lakini mwalimu wa kwaya haachi wimbo katikati ya mstari, na mazoea yakamvusha hadi mwisho wa sentensi.

Harufu ya tangawizi ikapanda.

Kiti cha mbele kikalia... kwiii. Kama kinavyolia mtu akikikalia.

Zebedayo alitaka kuondoa vidole kwenye nyuzi. Vidole vikakataa.

Kisha ule ukurasa wa kichwa chini ukaanza kuimbwa.

Taratibu, kutoka upande wa pili wa meza, bila kukosea. Pumzi ya huyo mwimbaji asiyeonekana ilikuwa ya baridi, ikampiga Zebedayo usoni, ikamwingia puani, ikateremka kooni na kutulia humo kama tonge lisilomezeka. Wimbo ukaisha. Akainuka, akakumbatia kitabu, akataka kuaga kiungwana.

"Tutaonana Jumapili, mama."

Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya Imakulata.

Mama Ritha alifumba macho. Machozi yakamtoka. "Miezi miwili sijaisikia," alinong'ona.

"Umenifanya nini?" iliuliza ile sauti nyororo kinywani mwa Zebedayo.

"Mimi? Nimekupa kiti tu."

Jumamosi yote hakusema neno. Mkewe, Yudith, alidhani anapumzisha koo. Zebedayo alijifungia chooni kujaribu japo "Baba yetu", na kilichotoka ni: *Nilichukua kikombe.* Akajiziba kwa taulo, akalia humo humo kwa hofu. Alfajiri ya Jumapili alitoka na mfuko wa nguo, akimbilie kwa dada yake Muheza. Miguu ikampeleka kanisani. Hadi leo hakuna anayejua ilikuwaje, wala gitaa lilifikaje pale kabla yake.

Baada ya komunyo, Padri Laurenti akamwashiria.

Zebedayo aliuma meno. Aliyauma mpaka taya likauma. Vidole vikaanza vyenyewe... mstari wa kwanza... wa pili... Koo likajaa. Midomo ikafunguka kama mlango unaosukumwa kutoka ndani.

Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa Yudith, kwenye safu ya alto ya kwaya. Akamshika mkono mwenzake.

"Huyo ni Imakulata," alinong'ona.

Sauti ilikuwa tamu, ile waliyoizika. Iliimba kikombe cha tangawizi. Iliimba basi la Mkwaja, na kufuli, na idadi ya siku ambazo binti wa watu alikaa bila maji. Iliimba jina la Zebedayo kwa ukamilifu wake, pamoja na la ubatizo. Askofu alivua miwani. Wanaume wa safu za nyuma walishaanza kusimama, na kati yao Mama Ritha amekaa, mikono magotini, anamsikiliza mwanawe.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Zebedayo akakazana kufunga kinywa, mishipa imemtoka shingoni, macho yanamwomba mkewe.

Wimbo ule una beti sita, na Imakulata hakuwahi kuruka hata mmoja.