Ukuta Tuliouvalisha Saruji

Asubuhi nyumbani kwetu ilianza na maji. Mimi ni dobi. Kabla jua halijapanda, mabeseni matatu yalikuwa uani: la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia. Mume wangu, mshona viatu, alikunywa chai akiwa amesimama. Kisha alibeba sanduku lake la nyundo na nyuzi, akaenda zake. Mama mkwe alikaa mlangoni akichambua maharage. Binti yetu wa mwisho alimsomea bibi yake maneno ya darasa la kwanza. Tulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo. Mama mkwe aliijenga na marehemu mumewe kwa matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua tu. Bati lilitokeza nje ya ukuta kiasi cha hatua moja. Upenu huo ulifanya mvua idondoke mbali na nyumba. Kila mwaka, kabla ya mvua, mama mkwe alikanda udongo, mchanga na majani makavu, akaukandika ukuta upya. Mimi nilimsaidia huku nimenuna. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri hata jua likiwa la utosi, lakini ubaridi huo sikuuhesabu kuwa kitu.

Siku moja alikuja wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye anakaa nyumba ya matofali ya saruji. Alinikuta na wateja wangu wawili. Alizunguka nyumba mikono kiunoni, kisha akaniuliza, "Wifi, mmeshamwona malkia wa mchwa, au bado yuko ndani anataga?"

Wateja walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka. Wifi ana haki ya kunitania. Lakini walipoondoka niliutazama ule ukuta, nikaona kichuguu kweli.

Kuanzia siku hiyo mume wangu hakupumua. Akila, nilisema saruji. Akivua viatu, nilisema saruji. Nilitaka ukuta upigwe plasta ya saruji ndani na nje, upakwe rangi ya mafuta, na upenu ukatwe ili uso wa nyumba uonekane kutoka njiani. Mama mkwe alisema neno moja tu.

"Mwanangu, ukuta huu haujawahi kuniomba nguo."

Nilimjibu kwamba zama zimebadilika. Akasema sawa, nyumba ni yetu. Akarudi kwenye maharage yake.

Mume wangu alimwita fundi wa mtaani kwetu. Ni mwanamke, na watu humwita Mama Mwiko. Alisomea ujenzi, ana kucha zilizokatika, na huongea polepole. Aliupapasa ukuta wetu kama mtu anayempapasa ng'ombe. Kisha akakataa kazi.

Nilimuuliza ni fundi gani anayekataa saruji. Hakukasirika. Alinyoosha kidole kwenye mabeseni yangu.

"Wewe ni dobi. Chukua nguo mbichi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki siku tatu. Utaikutaje?"

"Imevunda," nilisema.

"Basi. Ukuta wa udongo hunywa maji kidogo, kisha huyatoa kwa upepo na jua. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji hayatoki. Na saruji juu ya udongo haikosi nyufa. Mvua itaingia kwenye ufa, na unyevu utapanda kutoka chini. Tofali litarudi kuwa tope, humo humo ndani, na nje utaona rangi nzuri."

Aliongeza kwamba tukikata upenu tutakuwa tumeinyang'anya nyumba kofia. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Alipofika njiani nilimwambia mume wangu kwamba huyo ni fundi wa matope, saruji haiwezi. Tulitafuta fundi mwingine. Huyo hakuuliza chochote. Alikata upenu, akapiga plasta, akapaka rangi ya maziwa, na chini akazungushia mkanda mwekundu. Nilimpelekea wifi picha. Akajibu, "Sasa nimepata pa kuja." Sitasema uongo. Nilifurahi wiki nzima.

Mvua za kwanza zilipokuja, chumba cha nyuma kilianza kunuka kama nguo iliyosahauliwa. Chumba hicho alilala mama mkwe pamoja na Chiriku. Kitanda chao kilikuwa kando ya ukuta wa nyuma. Kwenye ukuta huo lilitokea doa, likakua likawa kubwa kama sinia. Plasta ikavimba.

"Mama, ukuta wetu unatoka jasho," Chiriku aliniambia. Nilimwambia aache maneno, aoge.

Siku moja Mama Mwiko alikuja kuchukua nguo zake. Mama mkwe alikuwa amekwenda zahanati kwa ajili ya magoti yake. Chiriku alimshika fundi mkono, akampeleka ndani kumwonyesha jasho la ukuta. Mama Mwiko aligonga kwa kifundo cha kidole. Ukuta ulilia kama debe tupu, kwa sababu plasta ilikuwa imeachana na tofali. Akaomba msumari. Msumari uliingia wote bila nyundo. Alipouchomoa, ulitoka na tope jeusi.

Alimtoa mtoto nje kwanza, ndipo akasema nami. Hakunisuta. Alisema plasta yote ya nje na ndani ibanduliwe ili ukuta ukauke, na upenu urudishwe. Sehemu iliyooza ingewekewa miti ya kuegemeza, kisha ijengwe upya.

"Na mtoto asikae chumba hiki. Si usiku tu. Hata mchana."

"Jumapili nina wageni," nilisema.

"Wageni watakaa nje, mama. Mtoto asikae humu."

Wageni wenyewe walikuwa wifi na wakwe zake. Wakwe hao walikuwa hawajawahi kufika kwetu. Nikaiwaza nyumba iliyobanduliwa, madoa madoa kama mbuzi mwenye upele. Nikawaza utani wa wifi mbele ya wakwe. Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nilisogeza kitanda hatua mbili. Kisha nikasukuma kabati kubwa la mbao, nikaliweka mbele ya lile doa, doa lisionekane. Mume wangu aliporudi akauliza fundi kasemaje. Nilimwambia fundi kasema litakauka lenyewe.

Nilijiambia kwamba wageni wakiondoka tu, nitasema ukweli. Ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi mvua ilikuwa imekata siku mbili. Jua liliwaka. Watu wengi hudhani ukuta huanguka mvua ikinyesha. Wetu ulingoja jua. Saa nane mchana nilikuwa naanika mashuka. Mama mkwe alikuwa kivulini. Chiriku alikuwa ametoka shule, amejilaza kitandani na kitabu chake, anasoma kwa sauti. Nilikuwa namsikia. Nikasikia kishindo kizito kimoja, kama gunia lililotupwa chini. Kisha sikumsikia tena.

Ukuta ulikuwa umeangukia ndani. Udongo wake haukufika kitandani. Ulikoma pale kitanda kilipokuwa zamani. Lakini uliangukia kabati, na kabati likafika. Majirani waliliinua. Chini yake alikuwa mwanangu, macho wazi, mkono wa kulia umelaliwa na ukingo wa mbao.

Hospitali walijaribu siku nne. Siku ya tano waliukata chini ya kiwiko.

Wifi alikuja wodini akilia mpaka wauguzi wakamkalisha. Alikuwa anauliza kila mtu kwa nini hatukuambiwa kwamba ukuta umeoza. Mama Mwiko alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumjulia mtoto hali. Alinitazama. Mume wangu aliona alivyonitazama.

"Uliambiwa?" aliniuliza.

"Niliambiwa."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Miezi mitatu alisema nami kupitia kwa watoto. Mwambieni mama yenu nimerudi. Mwambieni mama yenu chai imetosha. Mama mkwe hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Tulipotaka kujenga, shemeji mmoja alishauri matofali ya kuchoma, kwa kuwa hayaogopi maji. Mama Mwiko alitupeleka nyuma ya kilima, kwenye tanuri. Kulikuwa na visiki tu. Alisema tanuri moja humeza miti mingi, na kilima kisicho na miti humwaga maji yake yote mtaani kwetu. Kisha akatuonyesha njia nyingine, nami nitaieleza hapa kama nilivyoishika.

Tulichimba udongo kwenye kiwanja chetu wenyewe, chini ya ule wa juu wenye mizizi. Tuliuchekecha. Tulichanganya na saruji kidogo sana, koleo moja kwa makoleo kumi na mbili ya udongo. Kipimo hubadilika na udongo, kwa hiyo fundi aliujaribu kwanza. Mchanganyiko ulifinywa kwa mashine ya mkono. Mume wangu na kaka yake waliuvuta mpini mpaka wakaota malengelenge. Matofali hayo hayachomwi. Yalifunikwa na kumwagiwa maji kila siku kwa wiki nne, mpaka yakakomaa. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake.

Chini tuliweka msingi wa mawe, ukatoka juu ya ardhi mpaka magotini, ili unyevu usipande. Upenu ulirudi, mpana kuliko wa kwanza. Ukuta ulipakwa plasta ya udongo, mchanga na chokaa, ambayo huacha unyevu utoke. Juu ya ukuta tuliacha matundu ya hewa yenye wavu. Bati liliwekewa mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Siku hizi nafulia maji hayo. Mchana watu huja kwetu kupumzika, kwa sababu nyumba zao za bati na saruji ni kama oveni.

Nikiwa nakoroga chokaa, Mama Mwiko aliniambia jambo. Alisema si kwamba saruji ni mbaya. Saruji ina mahali pake, sakafuni na msingini. Na udongo si umaskini. Ila vitu viwili vikiwekwa pamoja bila kuelewana, kimoja kitakiua kingine. Nikamwomba radhi kwa kumwita fundi wa matope. Kumbe alikuwa amesikia siku ile ile.

"Lakini mimi ni fundi wa matope," alisema, akaendelea kukoroga.

Chiriku alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua mwaka. Siku hizi anaongea kidogo. Jina tumelibakiza.

Mwaka jana kinyozi alinunua nyumba ya jirani, ya udongo kama yetu ya zamani. Ana watoto wawili na maneno mengi. Mara niliona mifuko ya saruji inashushwa mlangoni pake. Nilienda na nguo zangu za kazi, mikono bado ina povu. Alikuwa anamnyoa mteja kwenye baraza. Nilimweleza yote: nguo mbichi kwenye mfuko, upenu, nyufa. Alinisikiliza huku mashine inalia. Kisha akamkonyeza mteja wake.

"Dada dobi, mimi nataka nyumba inayonyolewa na kupakwa mafuta. Kichwa kichafu hakivuti wateja."

Mteja alicheka. Nikamweleza habari ya mwanangu. Kicheko kikaisha. Kinyozi akasema pole, ile ilikuwa bahati mbaya tu. Akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli, "Kama fundi alikwambia waziwazi, kwa nini hukusikia?"

"Nilisikia vizuri sana," nilimjibu. "Niliogopa kuchekwa."

Alizima mashine. Alimtazama mteja wake kichwani, nusu amenyolewa, kana kwamba amesahau alikuwa anafanya nini. Sikungoja jibu, nilikuwa na mashuka ya watu majini.

Kesho yake alikuja kuuliza nyumba ya Mama Mwiko iko wapi. Saruji yake ilikwenda sakafuni, na iliyobaki ikatumika kwenye matofali ya kufinywa ya jiko lake la nje. Ukuta wake ulipakwa udongo na chokaa, ukawa mweupe unaovutia, na wateja hawajamkimbia. Baada yake nyumba nyingine sita zimebanduliwa saruji mtaani. Mvua kubwa zimepita mara mbili. Hakuna ukuta ulioanguka.

Jioni watoto wa kinyozi hucheza mpira mbele ya uzio wetu, na Chiriku huwatazama akiwa amekaa. Wanarushiana juu, wanadaka kwa mikono miwili. Nafurahi kwamba wako salama. Nawaombea. Lakini siku nyingine wakidaka namna ile, naacha nguo kwenye kamba na kuingia ndani.