Sahani ya Pili

"Njoo na njaa."

Simu ikakatika.

Maneno matatu tu, na mwanamume ambaye ofisini kwao walimwita Sindano alielewa yote yaliyobaki. Hoteli ya karibu na uwanja wa ndege. Ghorofa ya kumi na mbili, mkahawa wa Kifaransa. Saa saba mchana, leo. Alikuwa na mkoba mmoja wa Samsonite, pasipoti iliyosema yeye ni muuza vigae, na Beretta ndogo iliyofungwa juu ya kifundo cha mguu. Saa moja iliyopita alikuwa bado angani.

Lifti ikapanda bila kutoa sauti.

Mlangoni alipokewa na mhudumu wa koti jeupe, mwenye adabu hadi kwenye vifundo vya vidole. "Karibu, bwana. Hapa huagizi, unajipakulia mwenyewe. Rudi mara unazotaka. Mtu anakula mpaka aseme basi."

Sindano aligusa pochi mfukoni.

Maneno hayo alitembea nayo kwenye pochi. Kikaratasi kilichokunjwa mara nne, mwandiko wa mke wake: *Nikirudi tukale kwa Wafaransa, tule mpaka tuseme basi.* Mke wake alikuwa jasusi kama yeye, idara moja, jina la kazi Zumaridi. Alikwenda safari, hakurudi. Jeneza lililetwa limekazwa skrubu, na Sindano akalitupia udongo kwa mkono wake mwenyewe. Miaka mitatu sasa. Wiki moja baada ya mazishi ndipo alipokiona kikaratasi kile, jikoni, chini ya sahani ya pili.

Hapa inabidi nieleze. Mwanamke yule hakuwahi kula kwenye sahani ya juu. Alisema sahani ya juu imeshapigwa chafya na kila aliyepita. Aliinyanyua, akachukua iliyofuata, hata nyumbani kwake, hata sahani zenyewe zikiwa mbili. Basi Sindano akitaka kumwachia neno, aliliweka chini ya sahani ya pili, naye akajibu palepale. Ndiyo ilikuwa posta yao. Watu wawili tu duniani waliijua.

"Sindano, unanipata?"

Sauti ilikuwa sikioni, kwenye kidude kidogo kuliko punje ya mahindi. Ya Mjomba, mkuu wa idara.

"Nakupata, Mjomba."

"Mnunuzi yuko ndani. Tai nyekundu, karibu na chaza. Muuzaji hatumjui. Mzigo ni kadi ndogo kama ukucha, ina majina kumi na manne ya watu wetu. Ikitoka humo, hao tumeshawazika."

"Wanapeanaje?"

"Hatujui. Kaa, ule, uangalie."

Akakaa, akaangalia. Kulikuwa na meza ndefu zenye vitambaa vyeupe. Chaza juu ya barafu, bata aliyekatwa vipande vyembamba, supu ya vitunguu kwenye vibakuli vilivyofunikwa jibini lililokuwa bado linatokota, mikate mirefu iliyosimamishwa kikapuni. Watu walipita na sahani zimejaa pomoni, wakijifanya wameonja tu. Mwanzoni mwa meza kulikuwa na mrundo wa sahani safi.

Tai Nyekundu aliinuka, akaenda kwenye mrundo. Alinyanyua sahani ya juu, akaiweka kando, akachukua ya pili. Vidole vyake vikapapasa chini yake.

Sindano aliinama mbele kitini.

Hakukuwa na kitu, maana yule bwana alirudisha uso wa kawaida, akajipakulia konokono kumi na wawili wa siagi na kitunguu saumu, akarudi kukaa. Lakini alikuwa ameonyesha njia. Na njia ile hakuzaliwa nayo. Kuna mtu alimfundisha.

"Vipi huko?" Mjomba aliuliza.

"Bado," Sindano alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake mwenyewe.

Dakika mbili baadaye mwanamke mmoja alitoka upande wa vitamu akitembelea mkongojo. Nywele fupi, za kijivu. Miwani mikubwa. Alisimama kwenye mrundo, akanyanyua sahani ya juu, akaonekana kama anafuta kitu, akairudisha. Mkono wa gauni ulipopanda kidogo, kovu la pasi likaonekana juu ya kifundo cha mkono. Sindano alilijua kovu lile. Alilipaka dawa yeye, mwaka wao wa kwanza, huku mwenyewe akilaumu pasi.

Aliinuka. Alitembea bila haraka. Alichukua sahani ya pili. Chini yake kidole kilikutana na nta, na ndani ya nta, kadi.

"Bado unanichukulia sahani yangu," sauti ikasema kando yake.

Alikuwa hai.

"Usigeuke," alisema. "Jipakulie jibini."

Sindano alijipakulia jibini na kipande cha mkate. Akakichomoa kile kidude cha sikioni, akang'oa na kifungo cha koti kilichobeba maikrofoni, akavizamisha vyote kwenye kopo la haradali.

"Nilikuzika," alisema.

"Najua. Waliniambia nilizikwa vizuri."

"Jina langu limo humu?"

"La kwanza."

Liliuma kuliko risasi, na risasi alishakula mbili.

"Kwa nini?"

"Yule bwana amebakiza konokono sita. Tuna muda wa konokono sita, kwa hiyo nisikilize. Walinikamata. Wakaiambia ofisi tubadilishane, mtu kwa mtu. Ofisi ikajibu haimjui mwanamke huyo. Hilo nililitegemea, ndiyo kazi yetu. Lakini ilikuja na karatasi nyingine. Mume anathibitisha kwamba mwanamke wa kwenye picha si mke wake." Akachukua koleo la saladi. "Chini yake saini yako. Ile yenye mkia."

Sindano aliiona siku ile yote kwa mara moja. Waombolezaji sebuleni, Mjomba na jalada lake, kalamu imeshafunguliwa kabisa. *Saini hapa, mwanangu, ni mambo ya kaburi.* Karatasi tano. Alizisaini zote tano kwenye goti, machozi yakidondokea wino.

"Mjomba ndiye aliyenipa," alisema. "Siku ya mazishi. Sikusoma."

"Wewe?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hukusoma? Wewe unayesoma hata kijikaratasi cha dawa ya mbu?"

"Siku ile sikusoma."

Koleo la saladi lililokuwa mkononi mwake lilishuka taratibu mpaka likalala juu ya majani.

"Miaka mitatu nimekuchukia kwa bidii," alisema. "Kila asubuhi, kama mtu anayekwenda kazini. Sasa nikuchukie kwa lipi?"

Sindano alitaka kumshika mkono. Mkono ulikuwa pale, shibiri moja tu, na watu hamsini wakiangalia vyakula.

"Twende. Kuna ngazi nyuma ya jikoni."

"Mguu huu haukimbii. Na ofisi ikikukosa dakika mbili itafunga jengo zima. Ukibaki ukawashughulisha, mimi natoka. Mnunuzi hajawahi kuniona, anajua sahani tu. Wa kunitaja ni wewe peke yako."

"Umekula, lakini?"

Swali lilimtoka lenyewe, lile alilokuwa akimuuliza kila jioni mlangoni. Mwanamke alikunja midomo, na nyuma ya ile miwani macho yalijaa.

"Sijala."

Akachukua kipande cha mkate kwenye sahani ya mume wake, akakitia kinywani.

"Nitakuona tena?"

"Konokono mmoja," alijibu, akageuka. Mkongojo wake uligonga sakafu mara tisa mpaka mlango wa jikoni. Sindano alihesabu. Mlango ukafunguka, ukarudi.

Tai Nyekundu alifuta midomo, akaja.

Sahani ya juu, kando. Sahani ya pili. Vidole chini yake.

Hamna kitu.

Yule bwana hakuwa mjinga. Aliinua macho, akamwona mwanamume mmoja asiyeshughulika na chakula, na mkono wake ukaingia ndani ya koti.

Kuifikia Beretta kwenye kifundo ni kazi ya sekunde mbili. Kibakuli cha supu ya vitunguu kilikuwa karibu zaidi.

Jibini lililoyeyuka hung'ang'ania. Lilimkaa mnunuzi usoni, akapiga yowe, bastola ikaanguka kwenye barafu ya chaza. Sindano alimzungusha, akamlaza kifudifudi katikati ya mikate, akamfunga mikono kwa tai yake mwenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya yai. Mama mmoja mwenye sahani ya bata alisimama akitazama, kisha akapita pembeni kufuata mchuzi.

Walinzi wa hoteli wakaja mbio. Sindano aliwaonyesha kitambulisho, akaibandua kadi chini ya sahani yake, akaiponda kwa koleo la konokono mpaka ikawa unga. Ndipo akatoa Nokia yake.

"Ulipotelea wapi?" Mjomba alifoka.

"Kifaa kiliingia haradali. Mnunuzi amefungwa. Kadi imekwisha."

"Safi. Na muuzaji? Umemwona? Ni nani?"

Kupitia kioo kikubwa Sindano aliutazama mtaa chini. Magari, miavuli, watu wadogo. Mmoja wao alikuwa akivuka barabara polepole, upande mmoja umeinama, na hakugeuka nyuma.

"Muuzaji alishakufa, Mjomba."

"Nini?"

"Miaka mitatu iliyopita. Nilimzika mwenyewe. Karatasi nilisaini, unazo wewe."

Mtu asiyejua kitu angeuliza maswali kumi. Mjomba hakuuliza hata moja. Kwenye simu ilisikika pumzi tu, ya mzee aliyepanda ngazi nyingi.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema mwishowe.

"Nakuja, Mjomba. Safari hii nitasoma kila karatasi."

Akakata.

Alirekebisha koti lililokosa kifungo kimoja. Mrundo wa sahani ulikuwa umeshajazwa upya, sahani zikiwa bado na joto. Alitoa pochi, akakichomoa kile kikaratasi kilichochakaa mikunjo, akakisoma mara ya mwisho ingawa alikijua kwa moyo. Akainyanyua sahani ya juu, na ya pili, akakiweka, akazirudisha zote mbili taratibu.

Mhudumu wa koti jeupe alikuwa mlangoni, ametota jasho lakini adabu zake zipo palepale. Aliitazama meza ya Sindano, ambako sahani ilikuwa na kipande cha jibini ambacho hakikuguswa.

"Bwana hakula kitu. Hutaongeza hata kidogo?"

"Basi," alisema Sindano, akaingia kwenye lifti.