Gitaa Lisilo na Tumbo

Katika wimbo ule aliyepiga gitaa alikuwa mtu mmoja tu, Modesta, lakini walipousikiliza yalisikika magitaa mawili.

Modesta alijulikana Mwanza nzima kwa jazi ya gitaa kavu, lile la mbao aliloachiwa na marehemu baba yake. Albamu hii mpya aliamua kuipiga kwa gitaa la umeme. Watu wakasema anaharibu. Akawajibu kwamba vidole ni vyake.

"Dada Modesta," fundi mitambo Abdillah alinong'ona, "hilo la pili si la umeme. Ni kavu."

"Lifute."

Akalifuta. Waliporudia kusikiliza, lilikuwepo bado, tena limesogea karibu zaidi. Studio ilikuwa Kirumba na harufu ya dagaa walishaizoea, ila sasa chumba kilinuka tope bichi la ziwani. Gitaa kavu lilikuwa limeegemea ukutani, halikuguswa na mtu, na nyuzi zake zilikuwa zinatikisika.

"Tumwite shehe, dada, au tufunge tu tuondoke, mimi nina wa—"

Hakumaliza. Macho yalimgeuka, kifua kikavuma kama ngoma, na kinywani mwake, bila midomo kucheza, ikatoka sauti nzito yenye maji: "Nililala ndani ya gitaa la baba yako, vidole vyako vikinibembeleza, sasa umenitupa kwa ajili ya hilo lisilo na tumbo, basi nitakaa humu kifuani mwa huyu mpaka uape kuacha umeme."

Kuapa kulikuwa rahisi, na Abdillah alikuwa anakosa pumzi. Lakini Modesta alijua akiapa leo, hatapiga tena wimbo bila ruhusa ya jini huyo.

"Aliyekukaribisha ni baba," akasema. "Mimi sikuolewa na wewe."

Akafungua amplifaya mpaka mwisho, akapiga. Mitambo ilikuwa bado inarekodi. Jini akapiga mayowe, akapanda na muziki, akashuka nao, naye Modesta akamfuata kila alikokimbilia, vidole vikichuruzika damu, akimvuta kutoka kifuani mle kuelekea kwenye waya, mpaka Abdillah akatapika maji meusi na kuanguka, spika zikakoroma, zikanyamaza, na gitaa kavu likapasuka katikati.

Abdillah alipozinduka, walisikiliza kilichorekodiwa. Yowe lilikuwa mle, likizunguka chini ya gitaa la umeme, likitafuta mlango.

"Nifute?" aliuliza.

"Mwache humo humo. Miaka yote nilipiga anavyotaka yeye. Sasa atapiga ninavyotaka mimi."