Jumapili ya Dada

Mume wangu ni diwani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, hupita kanisani kusali misa. Hali rushwa. Mkigombana mtaani, atawakalisha chini mpaka mpatane. Nilikuwa najivunia mtu huyu, tena sana.

Mwaka huo walinzi wa maduka waligoma. Walifanya kazi siku saba kwa wiki, na wenye maduka hawakutaka kusikia habari ya mapumziko. Mawe yalirushwa, mlinzi mmoja akavunjika mkono. Mume wangu akaziita pande zote mbili nyumbani kwetu, Jumapili baada ya misa. Alimwalika pia afisa wa kazi, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

Siku hiyo Dada aliamka alfajiri kama kawaida. Dada ni mfanyakazi wetu wa ndani. Tulimwita hivyo kwa heshima, au ndivyo tulivyojidanganya. Yeye akabaki jikoni kupikia wageni, sisi tukaenda kanisani.

Kikao kilianza vizuri. Mume wangu alisema Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, sembuse mlinzi. Dada akaingia na sinia la chai. Mwenye duka la vitambaa, mtu wa masihara, alipokea kikombe chake, akamuuliza anapumzika lini.

Dada alinitazama mimi kwanza. "Wageni wakishaondoka," alisema.

"Na misa?"

"Mara ya mwisho ni mwaka jana, mama mwenye nyumba alipokuwa safarini."

Miaka minne yuko kwetu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwenye duka akasimama. "Basi tumemaliza. Mheshimiwa, anza kwako."

Walinzi nao wakaanza kuinuka. Amani yote ilikuwa inatoka mlangoni.

"Kaeni kwanza," alisema afisa wa kazi. "Sheria haiishii getini. Mfanyakazi wa ndani ni mfanyakazi. Anastahili mkataba wa maandishi, saa za kazi zinazojulikana, na siku nzima ya mapumziko kila wiki. Siku nzima, siyo mabaki ya siku."

Mume wangu alilipokea sinia mikononi mwa Dada. "Nimekukosea, Dada. Nisamehe."

Akaomba mkataba wa Dada uandikwe kwanza, palepale, mbele ya watu wote. Afisa hakutuuliza sisi siku ipi. Alimuuliza Dada, naye akachagua Jumapili. Walipokwisha kutia sahihi, mwenye duka alikuwa ameshakaa. Akaomba kalamu. Wenzake wakamfuata, na kesho yake walinzi walirudi kazini, kila mmoja na siku yake ya kupumzika.

Jumapili iliyofuata nilipika mwenyewe, nikachelewa misa. Dada alikuwa ameketi benchi la mbele, amevaa gauni ambalo sikujua analo. Nikajibana kando yake. Padri alipotuambia tutakiane amani, Dada alinigeukia, akanipa mkono. Ulikuwa umekauka kwa sabuni ya nyumba yangu. Niliupokea kwa mikono miwili, macho nimeyainamisha.