Vifungo vya Koti

Maiti ilikuwa kifudifudi kwenye maji yasiyofika hata magotini.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu aliposhuka kwenye boti ya polisi pembeni mwa kisiwa. Mwanamume mrefu, mwenye mabega mapana, amekufa kwenye maji ambayo mbuzi angevuka bila kulowesha tumbo.

"Ameteleza, afande," alisema Sajenti, akipambana na kiatu chake kilichomezwa na tope. "Hii mizizi ya mikoko haina huruma. Kichwa kimegonga, habari imeisha."

 Inspekta alikunja suruali, akaingia majini, akachuchumaa. Kisogoni mwa marehemu palikuwa na jeraha, damu ilishaoshwa. Alilipandisha shati taratibu kwa ncha ya kalamu. Katikati ya mgongo palikuwa na alama mbili za mviringo, nyeusi, zimekaa jirani kama macho.

"Mzizi umempiga kisogoni," alisema. "Halafu ukamfuata mgongoni?"

Sajenti aliinama kutazama, kiatu akakisahau.

Maji yalikuwa yanakupwa. Yaliondoka kimyakimya, na kadiri yalivyoondoka, mashimo ya kaa yalifunguka na mizizi ikasimama wazi kama vidole vya watu waliozikwa wima. Hakuna ndege aliyelia. Inspekta alikuwa mwanamke asiyeogopa vyumba vya maiti wala wezi wenye mapanga, lakini mahali hapa palimfanya ageuke nyuma mara mbili bila sababu.

Boti ya watalii ilikuwa imefungwa upande wa pili wa kisiwa. Ubavuni mwake uliegemezwa upondo, mti mrefu wa kusukumia boti kwenye maji machache. Mwishoni ulikuwa na uma wa chuma wenye ncha mbili butu, usizame kwenye tope. Inspekta aliupima uma ule kwa vidole vyake, kisha akavitazama vidole.

"Ufungeni kwenye plastiki," alisema. "Na wote waliokuwa kwenye boti hii waje kituoni. Wote."

Kesho yake asubuhi daktari wa polisi alimpokea mlangoni mwa chumba cha maiti, bado amevaa glovu.

"Tope limejaa mpaka kwenye mapafu. Aliingia majini akiwa hai," alisema. "Alipigwa, akaanguka, halafu mtu akamkandamiza chini kwa kitu chenye ncha mbili. Hakuachia mapema."

"Inahitaji nguvu nyingi?"

"Inahitaji uzito kidogo na hasira nyingi."

Walikuwa watu sita waliobaki. Kwenye chumba cha mahojiano palikuwa na meza moja, viti vitatu na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Wa kwanza kuingia alikuwa kiongozi wa watalii, ambaye bandari nzima ilimwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza.

"Safari ya siku moja, afande. Asubuhi tunatoka, tunazunguka mikondo ya delta, tunaona mamba, tunaona ndege, mchana tunakula kisiwani, jioni mtu yuko kwake. Miaka yote hajanifia mtu! Anaumwa tumbo, sawa. Anatapika, sawa. Kufa?"

"Marehemu alikuwaje?"

"Mpole. Mpima ardhi mstaafu. Amekuja na mke wake na binti yake. Binti ndiye aliyelipia, zawadi ya kustaafu. Ila mzee hakufurahi. Alishikilia benchi kama anapelekwa jela."

"Alikuwa anaogopa maji?"

"Wapi! Tena kuna kitu kilinishangaza. Tulifika kwenye njia panda ya mikondo, kabla sijafungua mdomo akasema, 'Zamani maji yalikuwa yanapita kulia.' Nikamuuliza, kumbe mzee unapafahamu? Akasema hajawahi kufika. Sasa mtu ambaye hajafika anajuaje maji yalipita wapi?"

Inspekta aliinua macho.

"Nani mwingine alisikia?"

"Mke wake. Alikuwa pembeni yake."

Nahodha alikuwa kinyume cha Redio. Mtu wa makamo, mikono imepasuka kwa chumvi, maneno yake ya kuhesabu.

"Upondo ni wako?"

"Wangu."

"Wakati wa chakula ulikuwa wapi?"

"Kwenye mashine. Ilikuwa inakohoa."

"Peke yako?"

"Na bwana harusi. Alinishikia spana."

Bwana harusi na bibi harusi walikuwa kwenye fungate, na bado walikaa wameshikana mikono hata mbele ya polisi. Bwana harusi alithibitisha: hakumwacha nahodha hata dakika moja. Bibi harusi alikuwa akimsaidia Redio kupanga chakula kibandani.

"Kulitokea ugomvi wowote?" Inspekta aliuliza.

Bibi harusi alisita. "Si ugomvi. Redio alikuwa anatusimulia habari za kile kisiwa, kwamba kuna kaburi la mwanamke asiyejulikana. Mambo ya kututisha tu, na mizimu ndani yake. Mimi nikauliza maswali, nahodha akanijibu. Yule mzee akapandwa na hasira. Akasema, 'Acheni kutisha watu, tumekuja kustarehe.'"

Walipotoka, Sajenti alisugua viganja. "Afande, ni nahodha. Upondo wake, na mzee kamfokea mbele ya wageni."

"Bwana harusi alikuwa naye muda wote. Au na yeye umemweka kwenye njama, aue mtu akiwa fungate?"

Sajenti akacheka, kisha akaona mkuu wake hacheki.

Walibaki wanawake wawili.

Binti alikuwa muuguzi, macho yamevimba. Siku ile alikuwa na kichefuchefu tangu asubuhi, alisema. Alikaa mbele kabisa ya boti na spika za masikioni, muziki juu, asisikie mngurumo wa mashine. Kisiwani alilala chini ya kivuli mpaka aliposikia mayowe.

"Aliteseka?" aliuliza. Baada ya muda akauliza tena. "Niambieni ukweli, mimi nafanya kazi wodini. Aliteseka?"

"Huyu uliyekuja naye ni mama yako mzazi?"

"Mama mdogo. Mama yangu alitoroka nikiwa sijaanza shule. Aliondoka na mwanamume, hakurudi hata kuniulizia." Alijipangusa pua. "Mama mdogo akaja kunilea, baadaye baba akamwoa. Ndiye mama ninayemjua."

Mama mdogo aliingia amenyooka. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, na alipokaa aliondoa uzi kwenye mkono wa blauzi yake, akauviringisha kidoleni.

"Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa."

"Wakati wa chakula ulikwenda wapi?"

"Kunawa."

"Ulimwona mumeo?"

"Kisiwa kina vichaka vingi."

"Uliishi naye vizuri?"

"Hajawahi kuninyooshea mkono. Hajawahi kulala nje. Majirani walinionea wivu."

Inspekta alingoja. Feni ikazunguka. Mwanamke yule alijibu kila alichoulizwa, wala hakuuliza chochote. Hakuuliza mumewe alikufaje, wala nani kamuua, wala lini atapewa mwili akazike.

Alipotoka, Inspekta alikaa peke yake kwa muda mrefu. Alimjua aliyefanya, au alidhani anamjua. Hakujua kwa nini, na bila kwa nini, mbele ya hakimu angekuwa na fimbo na mjane tu.

"Sajenti," aliita. "Waambie kesho tunakwenda matembezini. Watu wale wale, boti ile ile. Kila mtu akae alipokaa. Isipokuwa binti. Yeye asizibe masikio."

Delta iliwapokea na mawingu mazito. Mikondo iligawanyika, ikagawanyika tena, yote ya rangi moja, na mikoko ikajifunga nyuma yao kana kwamba hapakuwahi kuwa na njia. Mamba mmoja alijiteremsha kutoka ukingoni bila kurusha hata tone. Benchi ya marehemu ilikuwa tupu, na pembeni yake mjane alikaa pale pale alipokaa siku ile, mikono mapajani.

"Redio, sema ulivyosema juzi," Inspekta aliamuru. "Usipunguze, usiongeze."

Redio alianza kwa sauti ya mtu aliye matangani. Ndege gani, miti gani, njia panda ile. Kisiwa kilipotokea, alikohoa.

"Na pale mbele, mabibi na mabwana, ndipo lilipo kaburi la mgeni wetu. Mwanamke ambaye mto ulimleta na hakuna aliyemdai. Wengine husema maji yakijaa husikika akiita." Akaonyesha kwa kidole. "Hapo ndipo tuliposhuka."

"Hapana," alisema bibi harusi. "Mimi nilikuuliza alikuwa amevaa nini. Ukasema hujui, nahodha ndiye aliyemtoa majini."

Inspekta alimgeukia nahodha. "Mjibu kama ulivyomjibu."

Nahodha alizima mashine. Boti ikaelea. Walisikia tope likifyonza pembezoni.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Nilimkuta amenasa kwenye mizizi, mguu umefungwa kamba na jiwe. Polisi walikuja, wakaulizia vijijini, hakuna aliyemjua. Tukamzika. Alikuwa na gauni la kijani. Nalikumbuka kwa sababu vifungo vyake havikuwa vya gauni. Vilikuwa vikubwa, vya koti la kiume, vimepangwa mgongoni."

Binti aligeuka polepole kutoka mbele ya boti. "Mama mdogo," alisema. "Si kama lile gauni la kwenye picha? Ile picha ya mama ambayo baba aliichana?"

Mjane hakumtazama.

"Si kama lile," alisema. "Ni lile lile. Nililishona mimi. Vifungo vilikwisha, nikachomoa vya koti la baba yetu. Dada akanicheka, akasema atatembea na mgongo wa baba."

Sajenti alinyanyuka. Inspekta alimzuia kwa kiganja.

"Mama, si lazima useme kitu. Utakachosema kitatumika mahakamani."

"Kitumike." Alivuta pumzi. "Dada alikuwa anataka kumwacha. Aliniambia nimwandalie chumba, anakuja na mtoto. Nikaandaa, nikatandika. Hakuja. Akaja shemeji, analia, mtoto kambeba begani. Akasema dada katoroka na mwanamume. Nikamwamini. Kumbe siku zile alikuwa akifanya kazi ya kupima huku kwenye delta, hakuniambia, na mimi sikuwa na haja ya kujua. Nikamwonea huruma. Nikampikia, nikamfulia, mwisho nikaolewa naye. Na dada nilimchukia. Sikutaka jina lake litajwe ndani ya nyumba."

"Na juzi?"

"Juzi kwanza aliongea habari ya maji kupita kulia. Halafu nikasikia vifungo. Nikamtazama. Uso wake haukushangaa, inspekta. Watu wote kwenye boti walishangaa, yeye hakushangaa."

"Ukamfuata."

"Alikwenda kujisaidia. Nilichukua upondo, wenyewe wameinamia mashine, niuegemee nikitembea, maana palikuwa panateleza. Nilimkuta amesimama anatazama maji. Nikamuuliza, dada yangu aliondoka amevaa nini? Nilimwomba Mungu aseme hakumbuki. Angesema hivyo ningerudi kula. Au ningekuja kwenu kituoni, sijui."

"Akasema nini?"

Alitafuta uzi kwenye mkono wa blauzi yake, asiupate.

"Hakukana. Akasema, 'Angekuwepo yeye, wewe ungekuwa wapi leo? Umepata nyumba, umepata mume, umepata mtoto bila uchungu. Unalalamika nini?' Akanipa mgongo, akafungua suruali yake. Kama vile tumemaliza mazungumzo."

Inspekta alimwashiria aendelee.

"Nilimpiga. Akaanguka. Angeinuka. Nikaweka upondo mgongoni mwake nikaulalia, mpaka mapovu yakaisha. Halafu nikauosha, nikaurudisha mahali pake, nikaenda kunawa. Hilo sikudanganya. Nilinawa."

Sajenti alizitoa pingu taratibu, kana kwamba zina kelele isiyofaa mahali pale. Mwanamke alimnyooshea mikono kabla hajaambiwa.

"Uliniambia hakunipenda," alisema binti. Alikuwa amesimama, boti ikiyumba chini yake. "Nilipokuwa nalilia mama. Kila mara. Uliniambia angekuwa ananipenda angerudi."

"Nilikuambia."

"Si baba. Wewe."

"Ni mimi," alisema Mama mdogo. "Hilo la baba yako nitalijibu kwa hakimu. Hili sina pa kulipeleka."

Binti alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yalimtikisika. Bibi harusi alitaka kumwendea, mumewe akamshika. Baadaye binti akashusha mikono, akamtazama nahodha.

"Kaburi liko upande gani?"

Nahodha alimtazama Inspekta. Inspekta akaitikia kwa kichwa. Mashine ikawaka, boti ikasogea mpaka ikagusa tope la kisiwa. Nahodha alitangulia kupanda ukingo; binti alivua viatu, akashuka, maji yakamfika kwenye mashavu ya miguu.

Nyuma yake Mama mdogo alijaribu kuinuka kwa mikono iliyofungwa.

"Na mimi nishuke," alisema. "Kidogo tu. Ni dada yangu."

 Inspekta alimtazama binti, kwa sababu jibu lile halikuwa la polisi.

Binti alisimama majini, mgongo umewaelekea. Walisubiri mpaka Sajenti akaanza kukohoa.

"Leo hapana, Mama mdogo," alisema, akapanda ukingo kumfuata nahodha.