Ndege wa Bwawa la Mwisho

Babu Darubini aliokota darubini yake jalalani. Jicho moja la darubini lilikuwa zima, jingine chongo. Kila asubuhi alisimama kwenye uzio wa mabwawa ya majitaka, akitazama ndege wa miguu mirefu wakidonoa matope.

"Yule mdogo katoka nchi za barafu," alimwambia mke wa mwanawe, Mama Pacha. "Kavuka bahari bila hata kikombe cha chai. Kapita mito yote, kachagua bwawa letu."

"Baba nawe, kwani kakuonyesha tiketi?"

"Cheka tu. Ndege hakai penye maji mabaya."

Bomba la mtaa lilipokauka, Mama Pacha aliyakumbuka maneno hayo. Bwawa la mwisho maji yake yalikuwa meupe, na ndege wamejaa tele. Akachota ndoo. Akaosha mboga, akaosha vyombo. Pacha wake walikunywa kwa kikombe kimoja.

Alfajiri wote wawili walianza kuhara. Kufikia jioni pacha mdogo macho yake yalikuwa yamezama, analia bila chozi. Mama akambeba yeye, Babu akambeba mkubwa, wakakimbilia zahanati.

Mdogo hakufika.

Baada ya mazishi, fundi wa mabwawa alikuja kuwapa pole. Akaiona ndoo ya maji mlangoni.

"Shemeji, haya mmechota wapi?"

"Bwawa la mwisho. Penye ndege."

Fundi akakaa chini taratibu. "Ndege wanafuata wadudu wa matopeni. Wadudu wanafuata uchafu wetu. Ndege wakijaa, chakula chao ndicho kimejaa. Usafi wa maji hawaujui."

"Mbona wao hawafi?"

"Tumbo lao si letu. Na wanakufa pia, mimi ndiye ninayewazoa."

"Lakini yalikuwa meupe."

"Vijidudu vya kuhara havionekani, hata kwa darubini ya Babu." Hakuna aliyecheka. "Chota bomba la zahanati. Chemsha mpaka yatokote. Nawa kwa sabuni. Mtoto akihara, usingoje jioni. Mpeleke mapema, na njiani mnyweshe maji ya chumvi na sukari, ya ile pakiti ya zahanati uliyoiweka nyumbani."

Babu aliinuka, akaibeba ndoo, akayamwaga maji chooni.

Pacha mkubwa alipona. Sasa sufuria ya maji ya kunywa hutokota kila siku. Babu bado yuko uzioni, ila ndege amewapa mgongo. Anawangoja wenye ndoo.

"Mzee, leo kaja ndege gani?" wanamtania.

"Kaja kula. Wewe rudi na ndoo yako."

Wanarudi. Zahanati haijapokea tena mtoto wa kuhara kutoka mstari ule wa nyumba.

Mtaani bado wanamwita Mama Pacha. Hajamkataza mtu.