Bata wa Arobaini

Asubuhi ya Jumatatu, Julai 1956, kuku wa mjane Mwantumu walikutwa wamekufa bandani, pale Mlandege, Iringa. Vichwa vilikuwa vimevimba, vilemba vimegeuka zambarau.

Kufikia saa tatu majirani walishampata mkosaji: Verediana wa nyumba ya pili, ambaye kuku wake hupenya uzio wa Mwantumu, wakagombana kwa hilo. Koplo Fanueli alipofika, walishamvunja Verediana mkono. Kwa mambo ya kikatili namna hii watu hawakawii.

"Katia sumu kwenye pumba," Mwantumu alisema toka mlangoni. Alikuwa kwenye eda, hatoki. "Mayai ndiyo yananilisha, Koplo. Bila kuku nitaolewa na yeyote mwenye unga."

Fanueli akatazama. Mbuzi walikuwa wakila pumba zilezile, wazima kabisa. Ndani ya banda, bata wawili wa porini walikuwa wakinywa kwenye karai la kuku. Nao wazima.

"Hawa wametoka wapi?"

"Shemeji Muhidini kawaleta Jumatano, toka mabwawa ya Usangu. Kawaleta hai, tuwachinje wenyewe siku ya arobaini ya marehemu."

"Kuku wa kwanza kafa lini?"

"Jumamosi, mmoja tu. Alilala ubavuni mwao."

Fanueli alipita kwa Muhidini. Banda lake lilipakwa chokaa mbichi, kuku wote wapya, bado wana kamba miguuni. Akamchukua mpaka kwa Mwantumu, mbele ya majirani walewale.

"Bata ni mali yako. Leo watalala na kuku wako."

"Hapana! Usiwaingize kwangu!"

"Kwa nini? Si wazima?"

"Wale bata wa kwanza wa Usangu pia walikuwa wazima, wakanimalizia kuku..."

"Kumbe ulijua wanabeba ugonjwa bila kuugua. Ndipo ukamletea mjane."

Muhidini akageukia mlango aliposimama Mwantumu, kwa hasira. "Nilimwambia eda ikiisha nitamrithi. Akanicheka! Eti ana kuku wake!"

Fanueli akamfunga pingu. Lakini bwana mifugo, aliyeitwa mchana huo, akaamuru kila ndege aliyenywea karai lile auawe na kuchomwa. Kuku wa Verediana walikuwa wakipenya uzio kulinywea, na wawili walishaanza kukoroma.

Verediana akaja mlangoni kwa Mwantumu, kisu katika mkono uliobaki mzima.

"Uliwaambia nimetia sumu. Sasa siwezi kushika kuku na kisu pamoja. Njoo unishikie."

Mwantumu akavuka kizingiti, eda haijaisha, akamkamata jogoo wa kwanza. Walifanya kazi hiyo mpaka banda la Verediana likabaki tupu.